Nukta

Siku ya kwanza niliiacha juu ya dashibodi
kama mtu anavyoacha miwani,
nikaingia kituoni Haima kusaini daftari.
Chai moja tu. Kikombe na nusu, nisiseme uongo.
Niliporudi usukani haushikiki,
na darubini ya bunduki inanuka gundi.
Msallam alicheka hadi akakaa mchangani:
"Mtu wa Ibra, umeoka mkate wa serikali!"

Tangu hapo najua gari lina majira yake.
Dashibodini ni tanuri. Kiti cha nyuma ni mwezi wa tano.
Chini ya kiti, ubavuni mwa tangi la maji,
kuna jioni ndogo isiyokwisha:
hapo nailaza, ndani ya sponji na shuka kuukuu.
Si kwenye kasha la barafu. Nilijaribu.
Ilitoka ikitokwa jasho hadi ndani ya kioo,
nikashinda siku nzima nikilenga ukungu.

Betri naitoa.
Sarafu bapa, nyepesi kuliko ahadi ya mkandarasi.
Ukiisahau humo mwezi wa saba inatapika,
chumvi ya kijani inakula shaba polepole,
nawe huna habari mpaka siku ya haja.
Kwa hiyo inakaa kifuani mwangu, katika kibati cha peremende,
mbali na funguo.

Januari wakanipeleka Saiq, juu mlimani.
Maji yalisimama bombani.
Alfajiri nukta nyekundu ilikuja shingo upande,
kama mtu aliyeamshwa kwa jina asilolipenda.
Nikaitia betri kwapani, nikasubiri wima,
mtoto anayepimwa homa.
Joto linaua, baridi inalaza tu:
hilo hakuniambia mtu, liliniambia kwapa.

Mama akipiga simu haulizi hayo.
Miaka hamsini yuko Ibra na bado anasema joto la huku
halina adabu, linaingia bila hodi.
"Bunduki inalala wapi?"
Chini ya kiti, mama.
"Na wewe?"
Juu ya paa la gari.
"Basi imekushinda akili."

Likizo ya mwezi wa nane. Bunduki nimeiacha kituoni,
kibati nimekisahau mfukoni.
Ijumaa, maduka yamefungwa kwa sala,
nakuta Bi Zuwena kakaa kwenye kizingiti cha jiko,
kanga imelowa mgongoni, mkono unatikisika,
ananiita kwa jina la mjomba.
Kipima sukari: kioo cheusi. Nabonyeza. Cheusi.
Nakigeuza, nafungua kifuniko kwa ukucha,
nasoma tarakimu za betri iliyokufa
na tarakimu hizo nazijua, naziota.

Ikaingia kama imezaliwa humo.
Tone la damu.
*Tatu nukta moja.*
Asali, kijiko, kijiko tena, nyingine imemwagika kidevuni.
Baada ya robo saa akanitazama, akaniita jina langu,
akauliza kwa nini nimevaa viatu jikoni.

Sikuitoa.

Usiku wa Jumatatu, kusini mwa Haima, taa bila njia.
Msallam akazima gari. Nikavuta sanduku kutoka chini ya kiti,
nikaweka jicho.
Duara safi. Kioo hakina ufa, hakina jasho,
kimetunzwa kama yai,
na katikati hamna kitu.
Choroa alipita mle ndani, mweupe, polepole,
kama anayevuka chumba cha watu.
Kisha majangili wakatuona, wakageuza,
na duarani zikaingia nukta mbili nyekundu,
taa zao za nyuma, zikirukaruka, zikisinyaa
mpaka jangwa likazifumba.

"Ya kwako iko wapi?" akauliza Msallam.
Ibra, nikasema. Iko kazini.

Nikaifunga darubini kwenye shuka lake.
Nikafungua kibati, kwa mazoea.
Ilikuwemo peremende moja, imeyeyuka,
imeshika umbo la sarafu.